Kutyuni piano Dar: kwa nini nauza ziara mbili, si moja

Nianze na chupa ya maji, maana inanikera. Wateja wangu watatu sasa wamesoma mtandaoni kwamba piano huwekewa chupa ya maji ndani isikauke. Wakaiweka, tena masika, nyumba iko karibu na bahari! Ushauri huo ni wa Ulaya wakati wa baridi, hita zikiwaka mpaka mbao zinapasuka. Piano hupenda unyevu wa asilimia 40 hadi 50. Kipima unyevu changu hapa husoma 75, mara nyingine 80. Ukiongeza maji unafuga kutu.

Hiyo ziara moja niliiacha baada ya kujiaibisha kanisani. Niliitwa kwenye piano ya wima iliyokaa miaka bila kuguswa. Noti ya La, ile inayotakiwa kutetema mara 440 kwa sekunde, ilikuwa chini karibu senti 80, na nusu toni nzima, yaani kutoka kibonyezo kimoja hadi cha jirani, ni senti 100. Nikajiona bingwa. Utepe wa felti (kitambaa kizito cha sufu) kati ya nyuzi kunyamazisha za jirani, oktava ya katikati ikapangika vizuri, nikapanda juu, nikashuka besi. Saa tatu zikapita, shati limelowa. Nikarudi kwenye La niliyoanza nayo: imeshuka senti 20 na ushee. Nikasema spana imeteleza, nikairudisha, ya jirani ikaharibika. Nikairudisha hiyo, ya tatu ikalia kama paka. Jumapili kwaya iliimba wimbo mmoja na piano ikaimba wake. Mwalimu wa kwaya, mtu mpole sana, aliniuliza tu, “Fundi, hivi uliimaliza?”

Pini, vile vyuma vinavyozungushwa kukaza nyuzi, hazikuwa na kosa. Piano ina nyuzi kama 230, na zote pamoja zinavuta tani 15 hadi 20. Kila unapokaza upande huu, daraja, mbao ambayo nyuzi zinapita juu yake, linaukandamiza ubao wa sauti, ubao unabonyea, na nyuzi ulizokwisha kukaza zinalegea. Kwa hiyo siku hizi mzunguko wa kwanza nakaza kupita kiasi kwa makusudi: iliyo chini senti 80 naipeleka juu ya mstari senti 20 hivi, yaani robo. Nyuzi za juu kabisa napeleka hadi theluthi. Besi zilizoviringishwa shaba nazigusa kwa adabu, zikikatika kupata nyingine ni shughuli. Penye kutu, kwanza nalegeza kidogo mpaka nisikie “tik”, ndipo nakaza. Mzunguko huu ni wa dakika 40, bila mbwembwe. Wa pili ndio wa sikio: piga kibonyezo kwa nguvu, pitisha pini kidogo, irudishe chini ikae. Baada ya wiki mbili au tatu narudi, maana nyuzi lazima zitashuka tena. Ziara zote mbili nazitoza kama moja na nusu, laki na kitu kutegemea hali, na mteja anaambiwa kabla sijafungua boksi la vifaa.

Nampangiaje bei bila kuiona piano? Hapa najisifu kidogo. Namwomba apige La iliyo juu ya Do ya katikati, mara tatu, anirekodie WhatsApp. Programu kwenye simu yangu inanionyesha iko chini senti ngapi. Halafu anitumie picha ya pini: nikiona kutu au unyevu wa mafuta, nakuja na vifaa vingine. Namwomba pia siku ya kutyuni azime feni. Feni inavuruga mawimbi ya sauti ninayoyasikiliza kuliko hata bodaboda za nje.

Vibonyezo vinavyonasa baada ya mvua si ugonjwa mkubwa. Felti ya tundu la kibonyezo imevimba. Naibana kwa koleo lake, kidogo kidogo, ukizidisha kinaanza kugonga. Ila kabla ya yote angalia sarafu. Nyumba yenye watoto, shilingi mia mbili iko humo.

Dawa ya unyevu kwa asiye na hela ya kifaa maalumu ni balbu. Si LED, hizo hazitoi joto. Tafuta ya zamani, wati 25 au ya friji wati 15, kwenye soketi ya kauri, chini ndani ya piano ya wima, iwe angalau shubiri moja kutoka kwenye mbao na felti, na uizungushie wavu wa chuma. Iwake usiku na mchana. Anayeiwasha wageni wakija tu anaifanya mbao ivimbe na kusinyaa, na anayewasha AC jioni tu anafanya kosa lile lile.

Na mafuta ya kulainisha! Kuna waliopuliza kwenye pini zilizokaza. Yanaingia kwenye mbao inayoshika pini, na ikishalowa haishiki tena. Kwa pini zilizolegea, ambazo hazijaguswa na mafuta, natumia gundi ya supa iliyo nyepesi kama maji: nafunika vibonyezo, nafungua madirisha, matone mawili au matatu shingoni mwa kila pini, nangoja, narudia. Kesho yake ndipo natyuni.