Dhahabu ya masikio yaleyale

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu juma hili linatoka Kutoka 35:22. Musa ameomba sadaka ya kujengea maskani, yaani hema la ibada, na watu wanakuja, waume kwa wake, "wote waliokuwa na moyo wa kupenda", wakileta vipini, hazama, pete na vikuku vya dhahabu. Sasa rudini sura tatu nyuma. Ni watu haohao waliovua pete za masikioni wakampelekea Haruni, akawafanyizia sanamu ya ndama wakaiabudu. Ile ndama Musa aliisaga ikawa mavumbi. Ila dhahabu iliyobaki majumbani mwao Mungu hakuikataa.

Nimelitafakari hili kwa sababu ya riwaya inayozunguka katika kikundi chetu cha akina mama hapa Mwanga, Kigoma. Dada mmoja aliisoma kwenye treni akitoka Dar, akatuletea. Jalada limeshikwa kwa selotepu na ukurasa mmoja tayari una doa la mawese. Wanaojua Kiingereza wanawasimulia wenzao. Inaitwa Evidence of Mercy, ya Terri Blackstock wa Marekani, na ilitoka mwaka 1995. Lynda, mwanasheria, anauza ndege yake ndogo, na Jake ni rubani anayetaka kuinunua. Wakiwa angani ndege inaharibika, inaanguka, kisha inagundulika kuwa kuna mtu aliichezea makusudi. Jake anazinduka hospitalini, hasikii miguu yake.

Alhamisi likazuka swali: kabla ya riwaya hii, mama huyu Terri aliandika nini? Aliandika riwaya za mapenzi, kwa majina ya bandia, Terri Herrington na Tracy Hughes, zikachapishwa na kampuni kubwa za vitabu vya aina hiyo kama Harlequin na Silhouette. Mwaka 1994 alipata mwamko wa kiroho, akageuza kalamu. Mama yetu mmoja akasema basi tusimsome. Nampenda kwa wivu wake juu ya utakatifu, lakini hapo sikubaliani naye.

Angalieni alichovuka nacho. Kumfanya msomaji ashindwe kuzima taa, kumfanya awaogopee watu ambao hawapo: ufundi huo aliunoa kwenye vitabu vile vya kwanza. Mungu hakumnyang'anya. Riwaya ya mapenzi ya kawaida ina safari moja, wawili wapatane, na mara nyingi tamaa ndiyo inayomvuta msomaji hadi mwisho. Katika hii, kinachomvuta ni hatari. Anayewawinda bado yuko nje, na mwanaume aliyezoea kurusha ndege amelala kitandani, hawezi hata kusimama, moyo umejaa uchungu. Nani atampenda nani ni jambo linalopaswa kungoja, maana kwanza mtu huyu anataka kujua kama Mungu anamwona. Kwangu mimi, kurasa za hospitali ndizo zenye injili nzito kuliko zote humo.

Kuna uchungu mmoja lakini. Musa aliweza kuisaga ndama. Mwandishi hawezi kuvikusanya vitabu vya zamani. Viko mikononi mwa watu. Tumwombee, kama tunavyowaombea wote ambao maisha yao ya kale bado yanatembea mitaani.

Sasa tujitazame. Tuna kijana kanisani aliyepiga gitaa la solo kwenye kumbi za starehe kabla hajaokoka. Tumemkabidhi kubeba spika. Gitaa hatujampa, tukihofia litamrudisha alikotoka. Paulo anaandika katika Warumi 6:13 tuvitoe viungo vyetu "kwa Mungu kuwa silaha za haki", na anasema na watu ambao viungo hivyohivyo vilikuwa vikitumika kwa dhuluma. Vidole vya kijana huyu vimo humo.

Jumapili baada ya ibada nitamwona mwalimu wa kwaya nimwombe ampe nafasi mazoezini. Atakayependa tuende pamoja, anisubiri mlangoni.