Kunguni wodini: dawa ya kupuliza peke yake haikutosha

Kunguni walikuwa wakirudi kila baada ya wiki mbili hivi, ingawa wodi ilipuliziwa dawa. Tatizo ni mayai: mara nyingi dawa haiyaui, nayo huanguliwa kwa siku 6 hadi 10. Zaidi ya hayo, dawa inayofukuza huwatawanya hadi chumba cha pili.

Kilichowamaliza ni joto. Shuka na nguo za mgonjwa zilifungwa kwenye mfuko wa plastiki palepale kitandani (kuzibeba wazi koridoni ni kuwasafirisha), zikafuliwa kwa nyuzijoto 60, kisha zikakaushwa kwa mashine yenye joto kali kwa dakika 30. Mishono ya godoro, viungo vya kitanda na nyuma ya kabati vilipigwa mvuke polepole. Ukiharakisha, joto halifiki ndani ya nyufa. Godoro likavishwa mfuko wa zipu.

Viti vya magurudumu husahaulika sana. Vimulike kwa tochi, hasa chini ya kitambaa cha kukalia. Ukaguzi urudiwe kila wiki, hadi wiki 6 zipite bila kunguni wala madoa mapya meusi (kinyesi chao). Na mgonjwa asinyanyapaliwe: kunguni hawajulikani kueneza magonjwa.