Hezekia alipopona aliwaonyesha nini wageni?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii naomba tusome Isaya 38 yote alafu tuunganishe na sura ya 39, msiishie katikati, maana mimi miaka yote nilikuwa naishia pale Hezekia, mfalme wa Yuda aliyeugua karibu kufa, anapoongezewa miaka 15, nasema amina nafunga Biblia.

Nianze na la kwangu. Mwaka jana mwezi wa saba, na nyie wa Dodoma mnaujua huo mwezi, upepo unavuma vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria uliyofunika, asubuhi unatoka na masweta mawili. Nilikuwa najifunga mtandio niende sokoni Sabasaba, mkono ukagusa kitu shingoni upande wa kulia, kigumu, kadogo kama mbegu ya ubuyu. Hakaumi. Nikasema ni tezi tu za mafua zitapoa. Wiki ya tatu kakawa kama zabibu, ya sita nikawa nalificha na mtandio hata nikiwa ndani, na usiku natoka jasho mpaka shuka linalowa na hiyo baridi yote, na sketi zangu zote nafunga na pini kwa jinsi nilivyokonda. Kutokuuma kwake ndo kulinitisha kabisa, kwa sababu shangazi yangu alianza hivo hivo na tulimzika.

Hospitali wakanipiga altrasaundi, daktari akachoma sindano palepale kwenye uvimbe akavuta kitu kizito cheupe, akasema kinaenda maabara, rudi baada ya wiki mbili. Jamani wiki mbili. Neno la nabii Isaya kwa Hezekia lilikuwa "tengeneza mambo ya nyumba yako", na mimi hayo mambo niliyatengeneza kwenye daftari la hisabati la mwanangu, kurasa za nyuma, usiku wakiwa wamelala. Niliandika deni la kikoba limebaki shilingi ngapi. Karatasi za kiwanja ziko kwenye begi jekundu chini ya nguo za mtoto. Nikaandika mdogo hali mlenda ukiwa wa moto, asubiri upoe, na usiku akishtuka asisemeshwe, ashikwe tu mguu atalala mwenyewe. Hapo ndo kalamu ilinigomea, maana nilijiuliza huyu anayekuja atajuaje ni mguu upi.

Biblia inasema Hezekia aligeuza uso wake ukutani akaomba akalia sana. Zamani nilidhani ni namna tu ya kusema. Kumbe mtu anageukia ukuta kwa sababu upande wa pili amelala mtu asiyetakiwa kusikia. Mimi upande wa pili alikuwa baba watoto, na kesho yake akaniambia nilikusikia mke wangu, na mimi nilikuwa nalia upande wangu.

Majibu yakatoka. Daktari akasema mama, hii sio saratani, hii ni TB ya tezi. Nikamwambia mbona sikohoi? Akanielewesha taratibu kwamba TB sio ya mapafu peke yake, inashika tezi, inashika mifupa, na hii ya tezi peke yake kwa kawaida haiambukizi mtu, na inapona ukimeza dawa miezi 6 bila kuruka, na dawa ni bure. Naliandika hili kwa makusudi. Kama kuna mpendwa anasoma hapa ana uvimbe shingoni ameufunika na mtandio kama mimi, naomba kesho aende akapime.

Nikaanza vidonge, miezi 2 ya kwanza dawa za aina nne zimeunganishwa kwenye kidonge kimoja, alafu miezi 4 za aina mbili. Alfajiri kabla ya kula chochote, baba watoto kasimama mlangoni na kikombe cha maji maana yeye ndo aliandikwa kwenye kadi kuwa msimamizi wangu, mkojo unatoka rangi ya chungwa, tumbo linachafuka, mwezi wa kwanza nilitamani kuacha. Na kuna mpendwa akanishauri kweli niache, nisimame na imani. Namheshimu lakini sikumsikiliza, na nasema wazi alikosea. Someni mstari wa 21, Mungu ameshamwahidi Hezekia kupona, ameshampa na miaka yake, na bado Isaya anaagiza tini zipondwe ziwekwe juu ya jipu. Mungu yuleyule alisema na akatumia tini. Mimi tini zangu zilikuja kwenye paketi, na kila alfajiri nilipozimeza nilikuwa nasema Bwana hii ni mana ya leo, ya kesho utanipa kesho.

Februari nikamaliza. Shingo imerudi, kimebaki kinundu kidogo ukikitafuta.

Sasa sura ya 39, ndo hasa iliyonifanya niandike. Hezekia amepona, mfalme wa Babeli amesikia aliugua, anatuma watu na zawadi, yani kwa lugha yetu wamekuja kumpa pole. Wamesafiri mwendo mrefu kumwona mtu aliyekuwa anakufa na hakufa. Na yeye anawatembeza stoo! Fedha, dhahabu, manukato, mafuta mazuri, silaha, hakubakisha kitu. Nimesoma mara tatu nitafute pale anapowaambia nililia nikageukia ukuta na Mungu akanisikia, sijapaona. Na ukienda 2 Nyakati 32:25 imeandikwa kabisa kwamba hakurudisha kadiri ya fadhili alizotendewa, moyo wake ulijiinua. Baadae alinyenyekea, mstari unaofuata unasema, tusimwonee.

Iliniuma kwa sababu na mimi wageni walikuja. Walikuja na unga, na sukari, kuna mama alitoka Kongwa na kuku, na nilivyokaa nao nilieleza nauli nilizotumia, foleni za hospitali, nani alikuja kuniona na nani hakuja. Yule mama wa Kongwa aliondoka bila kusikia hata mara moja kwamba kuna usiku niliomba nikajibiwa. Hiyo ndo stoo yangu niliyomtembeza.

Alafu tangu vidonge viishe nimeona kitu. Miezi 6 nilikuwa nashukuru kila alfajiri kwa sababu kuna kidonge mkononi. Kidonge kimeisha na asante ikaanza kuchelewa, mara saa mbili asubuhi, mara nimekumbuka nikiwa kwenye daladala, mara siku imepita. Juzi hata nikajikuta nalalamika maji. Sisi mtaani yanatoka kwa zamu, na zamu yetu huwa ni usiku wa manane, inabidi uamke utege. Nililalamika wee, alafu nikiwa nimechuchumaa gizani nasikiliza ndoo, mnajua ile sauti, inaanza nene chini inazidi kuwa nyembamba maji yakipanda mpaka unajua imejaa bila kuwasha taa, nikakumbuka lile daftari. Sikuandika kuhusu maji. Nilisahau kumwandikia mtu kwamba huwa nategea kwa sikio, na dumu la kijani linavuja. Nikakaa palepale kwenye ndoo nikamshukuru Mungu nikalia tena, safari hii sikutafuta ukuta.

Basi maombi yangu wiki hii ni haya, Bwana atuletee wageni tuwaambie. Mama wa Kongwa nimeshampigia simu, jumamosi naenda na nimemwambia sitakaa kidogo.

Naishia hapa wapendwa, saa nane usiku hii na bomba limeanza kukohoa, ngoja nikatege.