Thumni ya kidonge

Ramadhani ya 2021 iliingia mwezi wa nne na masika yake, mvua usiku kucha hapa Ngamiani, Tanga, mpaka uchochoro wetu ukawa mto, na ndo wiki hiyohiyo paka wetu Kibua alipopofuka. Alikuwa na miaka 14. Mjomba alimleta toka soko la samaki la Deep Sea mwaka 2007, kitoto cha kukaa kiganjani, mie niko darasa la tatu, kwa hiyo tumekua pamoja.

Mwanzo tulidhani uzee tu. Alizoea kuruka toka dirishani kwenda juu ya kabati la vyombo, siku hiyo karuka kapiga kifua ukingoni kaanguka na masufuria, af badala ya kukimbia kabaki palepale kajikunyata anatetemeka. Nikamnyanyua nikamtazama macho, mboni zimefunguka zote, nyeusi tii, na ilikuwa mchana kweupe mlango uko wazi! Nikapitisha kidole mbele yake, hakupepesa.

Jirani yetu mmoja, na alisema kwa nia njema kabisa, akaniambia huyo kichwa kinamuuma, mpe paracetamol nusu. Nikaikata. Sijui nini kilinifanya nimpigie kwanza dokta wa mifugo, maana aliposikia tu neno paracetamol akanikatisha, "Usithubutu dada! Hiyo kwa paka sumu, ini lake haliwezi kuivunja, damu inashindwa kubeba hewa, kidonge kimoja tu unamzika." Mpaka leo nikiikumbuka ile nusu ilivyokuwa mezani mwili unanisisimka, na kama una paka nyumbani naomba hili ulishike hata kama mengine yote utasahau.

Kesho yake dokta akaja na bodaboda, kalowa chapachapa. Akammulika na tochi jicho moja moja, muda mrefu, akasema utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea mwanga, umebanduka, na kwa paka mzee mara nyingi chanzo ni presha, na presha yenyewe huwa inaongozana na figo. Kipimo cha presha cha wanyama hakuwa nacho ila akasema hatuwezi kungoja. Akaandika amlodipine ya miligramu 5, igawanywe mara nane, kipande kimoja kwa siku. Bibi kusikia lile jina akainuka kimya, akarudi na kopo lake la dawa.

"Mwanangu, si hii hii ninayomeza mie?"

Dokta akasoma boksi, "Ndiyo bibi, ndo hiyohiyo, ila wewe unameza kizima, yeye nusu ya robo."

"Thumni," Bibi akasema. "Sema thumni nielewe."

Kuipata hiyo thumni ni kazi jamani. Wembe mpya, sahani ya bati, unapata nusu, unapata robo, af pale kwenye kukata robo ndo kinasagika kinakuwa unga, katika vinane nikapata sita vya maana. Tukakubaliana apewe saa ya daku, maana Bibi naye hospitali walimwambia mwezi wa mfungo ameze daku, hivo hakuna atakayesahau.

Daku ya kwanza nikakificha kwenye mnofu wa samaki. Akala mnofu wote, kipande akakiacha sahanini kikavu. Ya pili nikamkamata. Nilimtokea kwa nyuma nikambana shingo nikamfungua mdomo kwa nguvu, na yule paka ambaye miaka 14 hajawahi kunikwaruza alinichana toka kiwiko mpaka kiganja, akaingia uvunguni kwa Bibi, akalia sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Na mimi nikalia. Nikamwambia Bibi nimeshindwa.

Bibi akaweka chini bakuli la uji, akaenda akiburuza ndala makusudi, krr, krr. "Kibua. Kibua mama. Ndo mie nakuja." Akakaa mkekani, mbali na uvungu, akangoja.

Babu alikufa haoni, ilikuwa presha ya macho, Bibi kamuuguza miaka sita, mie nakumbuka fimbo yake tu. "Asiyeona usimguse hajakusikia," aliniambia tukiwa tumekaa pale. "Babu yako alinipiga kofi siku moja kwa hilo, na hajapata kunipiga maisha yake. Alilia kuliko mie."

Kibua akatoka ananusa. Bibi akampa kidole anuse kwanza, akamzungushia kanga miguu yote ndani kabakisha kichwa, akampakata, mgongo wake kwenye tumbo la Bibi. Mkono wa kushoto juu ya kichwa, gumba na cha kati kwenye pembe za mdomo, pua akaiinua kidogo na taya likalegea lenyewe. Bismillahi. Kipande nyuma kabisa ya ulimi, mdomo akaufunga, akamsugua koo kwa kidole kimoja kushuka chini.

"Dokta kasema akilamba pua ndo kameza."

Akalamba. Af maji kidogo kwa bomba la sindano, bila sindano yake, pembeni ya shavu taratibu, kwa sababu kidonge kikinasa kooni kinaunguza. Ndo Bibi naye akameza chake, kwa uji ulioshapoa.

Macho hayakurudi, tulichelewa. Lakini kule kutetemeka kuliisha, akawa anatembea nyumba nzima kwa masharubu yake, kizingiti anakijua, kabati analijua.

Siku ya Idi daku haikuwepo na Bibi yuko chumbani anavaa, ikabidi nimpe peke yangu. Nikaburuza ndala toka mlangoni, nikamwita nikiwa mbali, nikakaa mkekani na kanga mapajani. Alichukua muda, akaja, akaninusa kidole, cha mkono ule wenye kovu.

"Kashalamba pua?" Bibi akauliza toka chumbani.

"Kashalamba, Bibi."

"Haya, mpe maji."