Tulivyorudisha maji kwenye chemchemi ya kijiji, mkoani Lori, Armenia

Mdomo wa chemchemi ulikuwa mkavu, ila ukuta wake ulikuwa unatoa jasho. Maana yake maji yapo, yamepotea njia tu. Tulifukua kwa nyuma na wanakijiji, tukakuta mabomba ya udongo wa kuchoma yamezibwa na mizizi. Hilo likaisha upesi.

Kazi ilikuwa saruji. Nyufa zilizibwa nayo zamani, na saruji huzuia unyevu usitoke kwenye tufo, jiwe la volkano lenye vinyweleo. Majira ya baridi maji yanaganda, yanapanuka, michongo ya ukutani inabanduka. Saruji tuliitoa kwa patasi na nyundo ndogo (mashine marufuku, hata bibi mwenye lavash, mkate mwembamba wa huko, alitukemea), tukajaza chokaa na mchanga, tukafunika magunia mabichi isikauke haraka. Hori la mifugo tuliliacha na ufa wake. Halivuji.