Mitupo ya honi: kwa nini ule wa Laettner nauweka wa pili

Machi ikiingia Marekani, kazini gumzo linakuwa moja tu: mashindano ya kikapu ya vyuo vikuu. Timu 68, ukifungwa mara moja unafungasha virago. Aliyekulia kwenye ubishi wa Simba na Yanga, akiulizwa ni mtupo gani wa honi, yaani wa sekunde za mwisho, uliofunika yote, hubaki anatabasamu. Haya mashindano si mageni kwetu kiasi hicho, maana Mtanzania Hasheem Thabeet alifika nusu fainali na UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) mwaka 2009. Ila kabla hujaingia kwenye ubishi, elewa saa inavyokwenda.

Kwenye kikapu hakuna refa wa kuongeza dakika. Mpira ukirushwa kutoka nje, saa haianzi mpaka mchezaji aliye uwanjani auguse. Ukishatoka mkononi kabla taa nyekundu za ubao hazijawaka, hata ukiingia honi imeshalia, kikapu ni halali. Zikibaki sekunde 0.3 au pungufu, kudaka na kutupa hakuruhusiwi. Ni kuusukumia wavuni ukiwa hewani tu. Halafu kuna swali ambalo wengi hawaulizi: ukikosa, je? Aliye sare akikosa anapata muda wa nyongeza. Aliye nyuma akikosa, safari imekwisha. Mimi napanga kwa swali hilo.

Ndiyo maana namba moja yangu ni Charlotte Smith wa North Carolina, fainali ya wanawake ya 1994 dhidi ya Louisiana Tech, mjini Richmond. Timu yake ilikuwa nyuma 59-57, zimebaki sekunde 0.7. Muda huo unatosha kudaka na kutupa, kudunda hata mara moja hapana. Mpango wa kwanza ulikuwa kumrushia Sylvia Crawley mpira wa juu karibu na ringi. Wapinzani wakauziba, ikaombwa taimauti. Waliporudi, Stephanie Lawrence akamrushia Smith upande wa kulia, nje ya mstari wa pointi tatu. 60-59. Siku hiyo Smith alikuwa pia na rebaundi 23, yaani mipira iliyokosa kuingia akaidaka. Kikapu cha pointi mbili kingeleta sare, wao wakachagua mtupo wa pointi tatu kwenye fainali! Orodha nyingi zinamsahau, na sababu haihitaji kutafutwa sana: ni mchezo wa wanawake.

Namba mbili ni Christian Laettner wa Duke, dhidi ya Kentucky, Philadelphia, Machi 28, 1992. Hapa panafaa kutulia, kwa sababu kosa la Kentucky lilikuwa la mpango wala si la bahati. Sean Woods alikuwa ameiweka Kentucky mbele 103-102, zikabaki sekunde 2.1. Kocha wao Rick Pitino akaamua asimweke mtu mbele ya mrushaji, ili wawili wamkabe Laettner. Hesabu inaonekana nzuri mpaka ufikirie mrushaji anapata nini: Grant Hill aliuona uwanja wote, hakuna mkono usoni, akavuta hatua na kuurusha zaidi ya mita 20 ukiwa umenyooka. Msimu huohuo Duke walijaribu mchezo huo dhidi ya Wake Forest, mpira ukapinda na ukawaponyoka. Safari hii saa ilisimama muda wote mpira ukiwa hewani, kwa hiyo Laettner alidaka akiwa na 2.1 kamili. Nao wakabaji wa Kentucky, Pelphrey na Feldhaus, walikuwa wanaogopa kufanya faulo, wakajiondoa kidogo. Akadunda mara moja, akadanganya kulia, akageukia kushoto, akatupa. 104-103. Alitupa mara 10 kutoka uwanjani akaingiza zote 10, na mitupo huru 10 kwa 10. (Watu wa Kentucky watakukumbusha kwamba alikuwa amemkanyaga kifuani Aminu Timberlake na hakutolewa. Wana haki.) Kinachomshusha kwangu ni kwamba haikuwa fainali, hata nusu fainali haikuwa.

Kris Jenkins wa Villanova, 2016, anafuata. Fainali, Houston, 74-74, sekunde 4.7, dhidi ya North Carolina. Kabla ya mchezo kuanza tena, Daniel Ochefu alichukua mopu akakausha mwenyewe sehemu ya sakafu atakayosimama kuweka kizuizi, asiteleze. Jenkins ndiye aliyeurusha mpira kwa Arcidiacono, na kosa la wengi liko hapo: aliyerusha husahaulika. Akaja taratibu nyuma ya mpira, akapewa, 77-74. Akikosa, walikuwa wanaongeza muda tu, ndiyo maana ni wa tatu.

Mario Chalmers wa Kansas, 2008, alileta sare tu, lakini mtupo wake ni darasa. Memphis walikuwa mbele kwa 9 zikibaki dakika mbili na ushei, wakaanza kupoteza mitupo huru. Mbele kwa 3 na sekunde chache, unamfanyia faulo mwenye mpira: anapata mitupo miwili, bado unaongoza. Hawakufaulu kuifanya, Chalmers akatupa wa pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 2.1, na kwenye muda wa nyongeza Kansas wakachukua ubingwa 75-68.

Jalen Suggs wa Gonzaga, 2021, alitupa karibu na katikati ya uwanja, mpira ukagonga ubao ukaingia, 93-90. Unapendeza kuliko yote kwa macho. Lakini walikuwa sare na UCLA, na fainali walifungwa na Baylor. Arike Ogunbowale wa Notre Dame namweka juu ya Suggs: mwaka 2018 aliimaliza nusu fainali, na siku mbili baadaye fainali, ikiwa imebaki sekunde 0.1.

Na upo mtupo usioingia. Fainali ya 2010, Indianapolis, mji wa Butler wenyewe. Duke 61, Butler 59. Gordon Hayward akatupa kutoka karibu na mstari wa katikati huku saa ikiisha. Ungeingia, Smith angeshuka namba mbili na ubishi wote huu usingekuwepo. Uligonga ubao, ukagonga ringi, ukatoka.