Chembe cha moyo: nilivyojifunza kuchukua historia ya mgonjwa

Wiki yangu ya kwanza wodini nilipangiwa mama mmoja wa makamo, kitanda cha pili kutoka dirishani. Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari, Dar es Salaam. Nikamwamkia, nikamuuliza kinachomsumbua. Akasema, "Mwanangu, chembe cha moyo kinaniuma, hasa nikikaa na njaa." Nikaandika kwa Kiingereza kwamba ana maumivu ya moyo.

Asubuhi kwenye raundi nikaisoma kesi yangu, na hoja zote za ugonjwa wa moyo nimeshazipanga. Daktari bingwa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwinamia mgonjwa: "Pole mama. Hebu weka kidole hapo panapouma." Kidole kikatua chini kidogo ya mfupa wa kifua, pale juu ya kitovu tumbo linapoanzia. Vipimo vilipotoka, mama alikuwa na vidonda vya tumbo.

Liliniuma sana jambo lile. Chembe cha moyo ni neno la bibi yangu, nimekua nikilisikia. Nikajiuliza limenipoteaje.

Jibu liko katika mpangilio wa masomo yenyewe. Shahada ya udaktari Tanzania ni miaka 5. Miaka ya mwanzo ni ya mwili wenyewe: anatomia, fiziolojia, biokemia. Mnasimama kwa vikundi kuizunguka maiti, formalini, dawa ya kuhifadhia maiti, inachoma macho, mnatafuta neva moja nyembamba kuliko uzi mchana kutwa. Baadaye patholojia, mikrobiolojia na famakolojia. Halafu wodini, idara baada ya idara: tiba ya ndani, upasuaji, watoto, magonjwa ya wanawake na uzazi, na zile za muda mfupi kama macho na afya ya akili. Mihadhara, vitabu na mitihani ni Kiingereza. Nilipofika kitandani kwa mgonjwa, kila kiungo nilikijua kwa Kiingereza, na yeye alikuwa na Kiswahili chake chote.

Kuchukua historia kuna utaratibu wake: malalamiko makuu, yalianza lini na yalikwendaje, magonjwa ya nyuma, dawa, familia, maisha ya nyumbani. Ndipo unampima kwa kuangalia, kupapasa, kugonga na kusikiliza. Utaratibu huo niliukariri mapema, shida ikabaki kwenye maswali. Nilimuuliza mzee mmoja, "Maumivu yanasambaa?" Akanitazama tu. Muuguzi aliyekuwa anabadilisha dripu akaingilia: "Baba, yakikubana kifuani, yanapiga mpaka wapi?" Mzee akaupitisha mkono begani, akaushusha hadi kwenye kiwiko cha kushoto. Ndiyo habari niliyokuwa naitafuta.

Siku hiyo nilinunua daftari dogo la kutia mfukoni. Kushoto niliandika neno kama mgonjwa alivyolitamka, kulia yote yanayoweza kuwa nyuma yake. Presha: kwa mmoja ni shinikizo la damu lililopimwa kweli, kwa mwingine ni moyo kwenda mbio na hofu. Kichomi: maumivu makali ya ubavu, lakini mama akisema mtoto ana kichomi, huenda ana nimonia. Mshipa: mwanamume anayelitaja kwa sauti ya chini anaweza kuwa na ngiri, au busha. Homa: wengi humaanisha mwili mzima haujisikii, hata kipimajoto kikisema hapana.

Nikajiwekea na desturi ambazo sijaziacha. Dakika mbili za mwanzo sikatizi mtu. Maneno yake nayaandika kama yalivyo kabla ya kuyatia kwenye Kiingereza. Jina la ugonjwa likitajwa, nauliza, "Ukisema presha, huwa unajisikiaje?" Na kidole nakiomba kila mara.

Walionifundisha zaidi ni wauguzi na ndugu wanaoleta chakula saa ya kuona wagonjwa. Nadhani wanafunzi wengi huwapita tu watu hawa, na hapo wanakosa mengi.

Kwenye wiki za afya ya jamii tulipelekwa Bagamoyo. Huko bibi mmoja alinieleza degedege akiwa barazani anachambua mchele: mtoto anakakamaa, macho yanageuka, na wazee walisema ni dege limempitia. Akaongeza kwamba mtoto mwenye degedege hachomwi sindano, akichomwa anakufa. Sikubishana naye. Niliandika kurasa mbili, kwa kuwa nilijua kwamba degedege mara nyingi ni malaria kali, na kila saa inayopita kabla ya matibabu ina hatari yake.

Baada ya miaka 5 unakuja mwaka wa utarajali, unafanya kazi chini ya usimamizi kabla Baraza la Madaktari Tanganyika halijakupa usajili kamili. Usiku mmoja nikiwa zamu ya watoto aliletwa mtoto wa miaka mitatu, anatetemeka mwili mzima. Bibi yake akamkumbatia: "Dokta, usimchome sindano, nakuomba."

"Shikamoo bibi. Ni dege?"

Akashtuka. "Ndiyo, mwanangu."

"Basi hii ya kwanza si sindano. Naiweka kwa njia ya haja kubwa."

Akamlegeza. Diazepamu, dawa ya kutuliza degedege, ilifanya kazi, mtoto akatulia. Tukampima sukari, tukachukua damu ya malaria, majibu yakaja yana vimelea. Sasa ilibidi artesuneti, dawa ya malaria kali, nayo ni sindano. Nikachuchumaa, nikamweleza bibi kwamba dege limeshatulia, kilichobaki ni malaria iliyomo kwenye damu, na dawa yake inapita kwenye mshipa. Akamtazama mjukuu wake akipumua. Kisha akaufunua mkono wa mtoto mwenyewe, akanishikia.